Fomu Niliyomjazia Mpalestina

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa siku ya kazi tu, Moshi mjini, miaka ya tisini, wakati kampuni za watu binafsi zilipokuwa zikifunguliwa kila mtaa. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya pampu za maji. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za vibali vya wageni. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nilijua hivyo, na nilijisikia kweli kweli.

Siku hiyo aliingia Yusufu, fundi wetu wa pampu kwenye mashamba ya mpunga kule Chekereni. Alikuwa Mpalestina, amezaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Lebanon, kwa wazazi waliokimbia kijiji chao kabla yeye hajazaliwa. Pasipoti hakuwa nayo. Alikuwa na hati ya kusafiria ambayo Lebanon huwapa wakimbizi, na hati ile haikumfanya raia wa Lebanon wala wa nchi nyingine yoyote. Kibali chake kilikuwa karibu kuisha. Aliniachia karatasi zake mezani, akaniomba nikifika kwenye swali la uraia nimwite anieleze.

Sikumwita. Fomu iliuliza mwombaji ni raia wa wapi na atarudi wapi kibali kikiisha. Sasa sisi Wachaga unatujua. Kila mtu ana kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na makaburi ya babu zake, na Desemba ikifika tunapanda mlimani wote, hata wale wanaojifanya wamesahau Kichaga. Kwamba duniani yuko mtu asiye na pa kurudi, wazo hilo halikunijia akilini. Nikaandika kwa wino, herufi zimenyooka: raia wa Lebanon, atarudi Beirut.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja. Kibali hakiongezwi, aondoke ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, kwa kuwa ana kwao. Yusufu alisoma barua akiwa amesimama.

"Lebanon siku hizi wanatudai viza hata sisi tuliozaliwa kwao," alisema. "Nikitoka hapa, sina pa kuingia."

Nikamjibu jambo ambalo hadi leo nalionea haya: "Si mna shirika lenu la wakimbizi? Waandikie hao."

Mzee Aloisi, karani mkuu wetu, Mchaga mwenzangu wa Uru, alinisikia. Alingoja Yusufu atoke.

"Wewe kijana, Krismasi unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Ukifika kihambani kwa baba yako, nani anakuuliza viza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba shirika nililolitaja linawahudumia Wapalestina walioko kule kwenye kambi za Mashariki ya Kati. Aliye mbali na huko, kama Yusufu, sheria za kimataifa zinataka alindwe kama mkimbizi mwingine yeyote, na liko shirika la kumtetea. "Ulinzi upo," alisema. "Wewe umemwandika kama mtu asiyeuhitaji."

Kwetu mwenye kosa hupeleka jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, na aliyeletewa hana budi kusamehe. Nililichuma, nikamkuta Yusufu Chekereni akiwa na tope hadi magotini, nikampa kwa mikono miwili na kumweleza maana yake. Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Jioni hiyohiyo tuliandika barua ya kusahihisha nilichoandika, na nyingine kwa lile shirika la kutetea wakimbizi alilolitaja Mzee Aloisi. Siku kumi na tisa ziliisha bila jibu. Yusufu akapandishwa ndege. Beirut wakamgeuza palepale, wakamrudisha kwenye uwanja alikobadilishia ndege, na huko nako hawakumruhusu kutoka nje. Aliishi kwenye viti vya abiria kwa wiki sita, ndipo watu wa shirika, barua yetu ikiwa mkononi, walipomfikia na kumtambua kuwa mkimbizi. Nchi moja ya kaskazini ikampokea. Msamaha alionipa ulikuwa wa kweli, mwanangu, lakini haukumpunguzia hata siku moja kwenye vile viti.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeanza kazi ya ofisini. Ukishika karatasi ya mtu, muulize kabla hujaandika, hata kama unadhani jibu unalijua. Usipime maisha yake kwa ya kwenu. Na kama sheria inamlinda, itafute na uitumie mapema, maana kuomba radhi baadaye kunakusaidia wewe zaidi kuliko yeye.

Ruwa, Mungu wa baba zetu, akuzidishie siku. Asikunyime pa kurudi, na asiruhusu mkono wako umfungie mwenzako mlango.