Sindano Isiyo na Dawa

Mkono wangu wa kulia uligoma wiki ile masomo yalipoanza tena, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka na watu kurudi mjini. Nilisimama mbele ya tablo na chaki yangu ili niandike tarehe juu kabisa, kama kila asubuhi. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukakataa kuendelea. Nikiulazimisha, maumivu yanatoka begani, yanapanda shingoni mpaka nyuma ya sikio. Basi nikaandika tarehe huko chini. Hesabu nazo chini, Kifaransa chini, mito ya Kongo chini. Watoto wa nyuma wakawa wanasimama ili waone, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu zote kama sehemu ya juu ya tablo tumemwekea mkaguzi.

Nilijua maumivu yale yalitoka wapi. Nilikuwa nimembeba mama mkwe wangu mgongoni.

Mama mkwe ni mtu wa Rutshuru. Alishuka Goma wakati wa uasi mmoja, akasema atakaa kwetu mpaka mambo yatulie. Kwa kuwa uasi mmoja ulikuwa unapokelewa na mwingine, akabaki. Tuliishi nyumba moja mtaani Murara kwa heshima kubwa, yaani tulikimbiana. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Nikiwa na neno kwake, nalipitisha kwa mke wangu, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja.

"Mwambie mama chai iko tayari."

"Mwambie nimesikia."

Asubuhi tulipoambiwa tutoke mjini, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatetemeka na ilihofiwa kwamba moto ungetokea chini yetu, tulishika barabara ya Sake pamoja na umati wote. Mama mkwe tulimpakia kwenye pikipiki. Pale Mugunga pikipiki ikaishiwa mafuta. Magoti yake hayakuwa magoti ya safari, kwa hiyo akaketi juu ya jiwe jeusi, akajifunika kitenge vizuri, akatangaza kwamba yeye anabaki hapo, sisi twende.

Mke wangu akanigeukia. "Papa, mubebe."

"Nani? Mimi?"

"Uko unaona nani mwingine?"

Mama mkwe alisikia. "Hapana! Mukwe anibebe? Watu watasema nini?"

"Mama, watu wote wako wanakimbia. Nani iko na wakati ya kusema?"

Kumbe wakati walikuwa nao. Mke wangu alipomfunga mgongoni mwangu kwa vitenge viwili, kama mtoto mchanga, watu walipunguza mwendo ili watazame vizuri. Mwanamke mmoja mwenye godoro kichwani alisimama kabisa akacheka mpaka godoro likayumba. Mama mkwe alificha uso nyuma ya kichwa changu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akazungumza na mimi moja kwa moja.

"Iko shimo mbele."

Tangu hapo hakunyamaza tena. Pita kushoto. Angalia ile ng'ombe. Usiiname hivyo, utanimwanga. Tulipumzika mara nyingi, na kila nilipomwinua tena uzito wote ulikuwa unaangukia bega la kulia. Karibu na Sake lori la mbao likatuhurumia, likamchukua. Alipokuwa juu ya mbao, akainama akaniambia, "Pole, papa." Nikasikia aibu na furaha kwa pamoja, nikajifanya kufunga kamba ya kiatu.

Tuliporudi nyumbani nilijaribu kila kitu juu ya lile bega. Nilipaka pomada ya kichina iliyowasha macho ya nyumba nzima. Nilimeza vidonge, nikajikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mwishoni mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mwanamke mmoja, fundi wa kunyoosha viungo, aliyekuwa na kituo kidogo juu ya duka la rangi. Mjini tunawaita kine. "Anachoma watu sindano," mwenzangu alisema, "lakini si sindano ya hospitali."

Mama mkwe alikuwa anapanga mboga, akainua kichwa. "Nitaenda naye," akasema. "Mimi ndiye nilimuvunja."

Ndivyo nilivyojikuta nimelala kifudifudi juu ya meza ya mgonjwa, mgongo wazi, mama wa mke wangu ameketi kwenye kiti pembeni na mkoba wake magotini. Jambo hilo peke yake lilitosha kukaza misuli yote niliyokuwa nayo. Kine, mwanamke mwenye mikono mifupi yenye nguvu, alipapasa bega langu taratibu, akafika mahali fulani akabonyeza. Maumivu yakaruka mpaka nyuma ya sikio, njia ileile.

"Hapa?"

"Hapo hapo!"

"Musuli umejikunja, umefanya fundo," akasema. "Nitaingiza sindano ndani ya fundo ili liachie."

Akafungua pakiti mpya, akatoa sindano nyembamba kama unywele. Mama mkwe akasogeza kiti.

"Na dawa iko wapi?"

"Haina dawa, mama. Hata tundu haina. Ni sindano kavu."

"Sindano bila dawa?" Mama mkwe alinigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyekuja kuiuza. "Unakuja kuchomwa bure?"

"Mama, sindano yenyewe ndiyo kazi," kine alijibu bila kukasirika. "Musuli ukiguswa, unastuka, halafu unalegea. Hautapona wote leo. Na kesho utauma kidogo, kama mutu aliyelima."

"Kulima ninajua," mama mkwe akasema, akatulia kidogo.

Kine alisafisha ngozi, akaunyanyua msuli kwa vidole viwili, akaushika mbali na mbavu. Alinieleza kwamba chini yake kuna mapafu, na sindano haina kazi huko. Nikamwomba asinieleze tena. Kuingia kwenyewe sikukusikia. Nikaanza kufikiri kwamba nimeogopa bure, na ghafla msuli ukaruka wenyewe, tap, kama sambaza, wale samaki wadogo, aliyetolewa sasa hivi ziwani. Nilipiga kelele ambayo sikukusudia wakwe waisikie.

"Umeona?" kine akasema kwa furaha. "Huyo ndiye tulikuwa tunamutafuta."

"Nimeona!" mama mkwe akajibu. Alikuwa amesimama, mkoba umeanguka chini. "Umeruka! Mutafute mwingine!"

Akatafutwa mwingine, na mwingine tena. Kila ukiruka mama mkwe anasema "Yule!" kama mtu anayetazama mpira. Nilipoketi, bega lilikuwa zito na lenye joto, lakini shingo iligeuka. Kesho yake niliumwa kama mtu aliyelima shamba zima. Keshokutwa mkono ukapanda hadi usawa wa macho. Tulirudi mara kadhaa, nikapewa pia mazoezi ya kufanya nyumbani dhidi ya ukuta, na kabla ya mitihani niliandika tarehe mahali pake. Darasa likapiga makofi, nami nikainama kama mwanamuziki.

Mama mkwe sasa alitaka sindano zake. Kine alimpapasa magoti, akamtembeza chumbani, akamwambia kweli: goti lenyewe limechakaa, sindano hairudishi mfupa. Lakini misuli ya paja juu ya goti ilikuwa imekaza, na hiyo angeweza kuilegeza. Alichomwa bila kutoa sauti, akanitazama mimi muda wote, na nilielewa alichokuwa anasema kwa macho. Kisha akafundishwa kuketi na kusimama kwenye kiti bila kujishika, kila asubuhi. Hilo alilichukua kama amri ya kanisa. Aliketi na kusimama na watoto wetu, na jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mimi pia. Hatukuwa tena na habari ya kukimbiana sebuleni. Mtu ukishaketi na kusimama na mama mkwe wako mpaka nyote mnahema, heshima inatafuta njia nyingine ya kukaa.

Miaka michache baadaye waasi wakaja tena, na safari hii wakaingia mjini. Tulilala kwenye korido, mbali na madirisha, bila umeme wala maji, huku nje kunapasuka kama bati linalochanwa. Tulikuwa tumekaza mabega mpaka masikioni. Mama mkwe alitutazama akaona hivyo.

"Shusheni mabega," akaamuru. "Wote. Pumueni."

Tukashusha mabega, tukapumua. Nje kukipasuka yanapanda, naye anaamuru tena. Mtoto wetu mdogo akaanza kucheka, ukawa mchezo, na kwa muda fulani tukawa familia inayoinua na kushusha mabega gizani kwenye korido. Sitasema kwamba hatukuogopa. Tuliogopa sana. Lakini tulikuwa na kazi ya kufanya.

Kulipotulia, mama mkwe akataka twende kumwona kine kama ni mzima. Tulimkuta kituoni anafagia vioo vya dirisha vilivyovunjika. Alitusalimia akigeuka mwili mzima, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Alikuwa amejificha chini ya kitanda na shingo imepinda, na sasa ilikataa kugeuka.

"Jichome sindano," nikamwambia.

"Mwalimu, nitajionaje nyuma ya shingo?"

Mama mkwe alikwisha kuvua koti. Alichukua chupa ya mafuta pale kwenye rafu, akayapasha kati ya viganja vyake, akamwonyesha kine meza yake mwenyewe.

"Lala hapa, mama."

"Mama, hapana, wewe ni mugonjwa wangu."

"Lala."

Akalala. Mama mkwe akaanza kumkanda shingo polepole, kama alivyokuwa anawakanda wanawake waliotoka kujifungua kule Rutshuru, huku akiongea naye juu ya mambo madogo: bei ya maharage, mvua, nani ameonekana na nani bado. Mimi nilichukua ufagio nikaendelea na vioo. Nilipofika mlangoni nikasikia hakuna anayejibu tena. Kine alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, na mama mkwe alinipigia ishara kwa kidole chenye mafuta kwamba nifagie bila kelele.