Mrija wa Mwisho wa Jemedari

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Mama Ukungu ameshachovya kijiti chake kwenye mtungi. Anakitoa, anakipunga hewani, anasubiri. Sehemu ya chini ya kijiti inageuka nyeupe kwa barafu. Anasoma pale weupe ulipoishia, anaandika kipimo kwenye kompyuta, kisha anarudisha kifuniko upesi kama mpishi aliyeona inzi.

"Nitrojeni ipo ya kutosha," anasema. "Wanaume wangu wamelala salama."

Wanaume anaowasema ni madume ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga chumba hiki. Kilichomo ni mbegu zao, zimegandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika ndani ya mirija zaidi ya elfu moja na mia nne, kila mmoja mwembamba kama ujiti wa ufagio. Mama huyu ndiye mtunza stoo ya mbegu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Jina la Mama Ukungu alibandikwa na wahimilishaji, wale wanaopita majumbani kuwapandisha ng'ombe, kwa sababu ya mvuke mweupe unaofuka kila anapofungua mtungi.

Mpigapicha wa gazeti letu anaomba afungue tena ili aupate huo mvuke. Mama anacheka na kukiegemea kifuniko kwa kiwiko.

"Thubutu! Nipige picha mtungi ukiwa umefungwa, mwanangu. Nilishapigwa moja ya mtungi wazi, ikanitosha."

Kabla hatujauliza, pikipiki inazimwa mlangoni. Mhimilishaji anaingia na mtungi wake mdogo, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Shikamoo dada. Nipe Kifaru mmoja, fasta. Ng'ombe yuko kwenye joto, anataka dume tangu jana jioni."

"Marahaba. Namba ya ng'ombe kwanza, Kifaru baadaye."

Kijana anataja namba, mama anaibonyeza. Kioo cha kompyuta kinawaka mstari mwekundu.

"Haiwezekani. Kifaru ndiye baba yake huyo."

"Mwenyewe anamtaka Kifaru tu, dada. Anasema ng'ombe hana haya."

"Ng'ombe hana haya, sawa. Lakini kompyuta inaona haya."

Anamchagulia dume mwingine. Programu inamwonyesha mrija ulipo, mtungi gani, na kikopo gani ndani ya mtungi. Ndipo anafungua, anainua kikopo hadi shingoni mwa mtungi tu, anachomoa mrija kwa koleo, anakirudisha kikopo. Ukimeza mate mara mbili, amekwisha kufunga. Zamani, kabla ya programu hii, walikuwa wakipekua vikopo kwa tochi, mbegu zikipigwa na joto huku watu wakibishana.

"Tafuta kwenye kioo, usitafute kwenye mtungi," anasema. "Hiyo ndiyo sheria yangu, mtungi usikae wazi."

Na sheria hiyo aliivunja mwenyewe, tena mchana kweupe, mbele ya watu.

Ili kulielewa hilo, lazima umjue Jemedari. Alikuwa dume ambaye mabinti zake wana kwato imara na upole wa kukamuliwa na mtoto. Mama aliwahi kufuga binti mmoja wa Jemedari, akitoa lita ishirini na mbili kwa siku enzi ambazo mumewe alikuwa hana kazi. Maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yao wa kwanza ushonaji. Ng'ombe yule akafa kwa homa, na Jemedari naye akafa kwa uzee. Stoo ikabaki na mrija wake mmoja, na mama, kama mwanachama mwingine yeyote, akauwekea nafasi kwenye programu kwa ajili ya Biharusi, ng'ombe wake wa sasa mwenye shela jeupe usoni.

Kisha wakaja wageni. Mpigapicha wao akataka mvuke. Mama akainua kikopo, mvuke ukamwagika hadi sakafuni, wageni wakapiga makofi. "Inua kidogo zaidi, mama! Tabasamu! Moja ya mwisho!"

"Nikatabasamu kama bibi harusi," anasimulia, akijipiga paja. "Walipoondoka ndipo akili ikanirudia. Ule mvuke waliokuwa wakiupigia makofi ni baridi ya mbegu zangu ikinikimbia."

Mrija ulioharibiwa na joto haubadiliki rangi wala umbo. Bwana mifugo aliyeyusha miwili ya kikopo kile na kuitazama kwa darubini. Mbegu chache zilicheza, nyingi zilikuwa zimelala. Mrija wa Jemedari ulikuwa kwenye kikopo hichohicho, na kuupima ni kuumaliza.

Programu haina neno la mashaka. Ina "inafaa" na "imeharibika" basi. Mama anakiri kwamba alikaa mbele ya kioo hadi chai yake ikapoa, kisha akabonyeza "imeharibika" kwa kikopo kizima, Jemedari akiwemo. Asingeweza kumpa mfugaji mwenzake mbegu asiyoiamini. Akaenda kwa meneja na kueleza kila kitu.

"Nilimwambia, bosi, kama ule mrija wa Jemedari ni takataka, niruhusu nikautupe mwenyewe. Ndani ya ng'ombe wangu."

Meneja alicheka hadi akavua miwani. Akamruhusu, akamsihi asiweke matumaini.

Leo mchana tunaongozana naye nyumbani. Ni miezi miwili na nusu tangu Biharusi apandishwe, na hajarudi kwenye joto. Hilo peke yake si ushahidi, ng'ombe wana mambo yao. Bwana mifugo anavaa glavu inayofika begani. Mume wa mama ameshika kamba, hanyamazi.

"Ndoa gani hii, bwana harusi kaja ndani ya mrija, tena kaungua na jua!"

"Baba nanihii, nyamaza basi, mtu afanye kazi," mama anamwambia. Utani wote umemtoka usoni. Mikono ameificha ndani ya kanga, na mtu yeyote anaweza kuona kwamba anaogopa.

Bwana mifugo anazamisha mkono, anatazama juu, anapapasa pole pole. Biharusi anacheua kana kwamba hayamhusu.

"Mama," anasema hatimaye. "Huyu ana mimba."

Mama Ukungu hapigi vigelegele. Anaweka paji la uso wake kwenye ubavu wa ng'ombe, anakaa hivyo, mabega yakimtikisika. Mumewe anaiachia kamba na kujifuta macho kwa ukosi wa shati. Kisha mama anachomoa simu, anaweka sauti ya juu sote tusikie.

"Bosi, ile takataka imeshika."

"Takataka gani?"

"Ile uliyoniruhusu nikaitupe."

Kicheko kinalipuka simuni hadi Biharusi anageuza masikio.

Akizaliwa jike, mama anasema, hatamuuza kwa bei yoyote. Ila kuna jambo moja la kulimaliza kwanza. Kwenye programu mrija ule umeandikwa kuwa umeharibika, na mrija ulioharibika hauwezi kuzaa. Mwenye uwezo wa kuufungua ni meneja peke yake.

"Kesho asubuhi uje stoo mapema, bosi," anamwambia huku akijifuta machozi. "Unifungulie ule mstari wa Jemedari. Ndama wa Biharusi hazaliwi bila jina la baba, na mimi niko stoo."