Mji Usio na Mlima

Jirani yangu hapa Area D anapaka ukuta chokaa, na harufu yake imenirudisha katika mji wa kale wa bandari, wenye ukuta kuuzunguka, nilikotembea na baba nikiwa mtoto. Tulitoka Dodoma kumzika shangazi yake aliyemlea, na maziko yalikuwa baada ya adhuhuri.

Baba hakutaka kuuliza njia. Kwetu unatazama mlima, unajua uelekee wapi. Mimi nina shahada mbili na bado nautafuta mlima kabla ya kumuuliza mtu. Mle vichochoroni tuliona kuta zenye unyevu tu, na juu kipande cha mbingu chenye upana wa kanga.

Tulipompita fundi viatu yule yule mara ya tatu, alicheka.

"Shehe, umeugeuza mtaa wetu Kaaba? Bado mizunguko minne!"

Ndipo baba akauliza nyumba ya msiba.

"Ya bi mkubwa? Wenyewe hao, wanatoka makaburini."

Wanaume wanne walikuwa wakija na jeneza tupu la msikiti. Mimi nilihisi kiu, basi. Baba aliwasalimu, akampokea mmoja wao pembe yake, akalibeba hadi msikitini.