Breki za Gari Lililogonga Nyati

Nianze na chuki, maana ndiyo iliyonifunga masikio. Fundi magari ninayemchukia tunaishi naye mtaa mmoja, hapa Mabwerebwere, Kilosa. Babu yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli. Sisi asili yetu ni milimani, Vidunda. Kwao na kwetu ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mbele ya wateja wangu, na mimi sina ruhusa ya kununa. Siku tulipomzika baba alitokea amevaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi cha baba kile kile, kisha akalala mbele ya jeneza akidai kuku ndipo atupishe. Waombolezaji walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama naye alicheka. Mimi sikucheka, na miaka sita baadaye nilikuwa bado sijacheka.

Mwaka huu mama, aliyekuwa bado anaishi Vidunda, alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari walikuwa wanakuja hospitali kwa siku tatu tu, kuwafanyia upasuaji watu kama yeye, na jina lake liliandikwa. Akasema hawezi kupanda pikipiki kushuka mlima ule, na magari ya watu hayaamini. "Njoo mwenyewe," aliniambia kwenye simu. Mimi nina pikapu ya kubebea maharage na ndizi, na mteremko wa Vidunda naujua. Breki zake zilikuwa zimechoka. Nikipakia mzigo, nilikuwa nakanyaga kwa miguu miwili na kusali.

Gereji ya fundi ipo hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Ningekufa kwanza.

Nikaenda Mikumi. Pale kuna mzee anayeuza vipande vya magari yaliyopata ajali barabara ya hifadhini, na wakati huo alikuwa na gari kubwa la abiria lililogonga nyati. Mbele lilikuwa limebonyea lote, lakini kalipa zilikuwa nzima. Kalipa ni kile chuma kinachokumbatia diski ya tairi na kuibana ukikanyaga breki. Hizi zilikuwa karibu mara mbili ya zangu kwa ukubwa. Nilizinunua pamoja na diski zake, nikarudi Kilosa nimezipakata kwenye mapaja.

Nilizifunga mwenyewe, uani, siku mbili nzima. Nilikuwa na jeki, spana za kuazima, tupa, na video kwenye simu ya mtu anayeongea kwa kasi lugha niliyoielewa nusu. Matundu ya bolti yalipishana kidogo, nikayapanua kwa tupa. Rimu zangu zikagoma kuingia, nikatafuta kubwa zaidi. Mke wangu alileta chai akaiweka chini, akarudi ndani haraka. Sikumlaumu, maana siku zile kila aliyenisemesha nilimkaripia.

Siku ya pili alasiri, tairi zikiwa bado hazijarudi, fundi akapita. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa wanachambua mchicha, na yeye hapotezi hadhira.

"Hamjafa tu humu ndani?"

"Tunasubiri utangulie," nikajibu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kujibu.

"Nasikia umenunua breki za gari lililogonga nyati." Akawageukia wale wanawake. "Hebu nisaidieni. Breki zilizoshindwa kusimama mbele ya nyati mzima, ndizo anazomtegea mama yake!"

Wakacheka. Hata mke wangu alicheka. Fundi akachuchumaa, akachungulia upande wa kushoto, akaenda kulia, akapiga kofi pajani.

"Watu wa milimani bwana! Mnavyovaa viatu ndivyo mnavyofunga kalipa, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nati ya kutolea upepo imekaa chini! Upepo unakimbilia juu, wewe. Hautatoka humo. Utapampu mpaka Pasaka."

Nikamwambia aende akasukume treni ya babu yake.

Hakuondoka. "Geuza hizo, mtani," akasema, na safari hii hakucheka. Nililiona hilo. Nimejaribu kujidanganya kwamba sikuliona, lakini nililiona. Ila kichwani mwangu lilikuwepo lile koti la baba, na kile kikohozi, nami nikaendelea kukaza bolti mpaka akaondoka.

Nilitoa upepo kwenye mabomba ya breki nikiwa na mke wangu, yeye akikanyaga pedali, mimi nikifungua na kufunga nati. Pedali ilibaki laini. Ukikanyaga mara ya kwanza inazama, ya pili inakaza. Nikajiambia breki kubwa zina tabia zake. Nikaijaribu kwenye tambarare ya Masanze, nikakanyaga mara mbili, gari likasimama vizuri kabisa. Nikatamani fundi angekuwepo aone.

Mama alinisubiri Vidunda amevaa kitenge cha Jumapili, ameshika mfuko wenye kadi ya hospitali. Nilimpa shikamoo, nikampandisha mbele, nikapakia magunia manne ya maharage nyuma. Hilo nalo ni kosa langu, safari ya mgonjwa nikaitia biashara. Kona ya kwanza breki ilishika kwa kukanyaga mara mbili. Kona ya pili, mara tatu. Baada ya hapo breki zilipata moto na pedali ikaenda hadi chini ikalala huko. Nilipampu kama mwendawazimu. Nikavuta hendibreki, nikalazimisha gia namba moja, gari likapiga kelele lakini halikusimama. Kulia kulikuwa na korongo, kushoto gema la udongo. Nikalibamiza kwenye gema.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tumefika?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Fundi si mkuu wangu hata kidogo, tulizaliwa mwaka mmoja, na guu langu ni zima. Uliovunjika ni mkono wa mama. Siku tatu za madaktari wa macho zilikwisha akiwa wodini anafungwa bandeji ngumu, nao wakaondoka. Watarudi lini, hakuna aliyetuambia.

Pikapu ilivutwa hadi Mikumi. Kesho yake fundi alishuka kwenye basi akiwa na boksi lake la spana. Mke wangu ndiye aliyempigia, bila kuniuliza. Fundi akahamisha kalipa ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, nati zikakaa juu, akatoa upepo. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Haikumchukua hata saa mbili. Nilisimama pembeni nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nataka kutukanwa.

"Sema basi," nikamwambia. "Leo una haki."

Akafuta mikono kwa tambara. "Pole sana, bosi. Mama anaendeleaje?"

Bosi! Ningependa anizabe kofi. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima zote, habari za asubuhi, habari za kazi, kama ninavyosalimiwa na mtu wa benki. Namchukia zaidi kuliko alipokuwa ananitukana, na najua sina haki hiyo.

Mama sasa anakaa kwangu. Juzi tulikuwa tumekaa nje, mkono wake umening'inia kwenye kanga, fundi akapita. Akasimama. "Shikamoo, mama. Pole na mkono."

"Marahaba, baba. Ahsante."

Alipokwenda, mama akageuza uso kuelekea zilikopotelea hatua zake. "Huyo mgeni ni nani? Ana adabu kweli."

Nikamwambia si mgeni. Ni mtani wetu, yule aliyevaa koti la baba siku ya mazishi.

"Siyo yeye," mama akasema. "Yule angenitukana kwanza."