Uzito wa Bunduki ya Baba

Mlio ulitufikia kwanza, juu ya majani ya chai, kabla hatujaona uwanja wa shabaha. Langoni tulimkuta baba mdogo ameshika bega la kulia, bunduki yake mpya, nyembamba, imelala mezani.

Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Keumbu alfajiri, mimi na mama. Baba alikuwa amefariki akaacha bunduki ya kufukuzia tumbili wanaotumalizia ndizi. Baba mdogo alishachukua ng'ombe, akachukua na redio. Bunduki ilimshinda kwa sababu ya leseni: mama akifaulu mtihani wa shabaha, itabaki kwetu, akishindwa, itamwendea yeye.

"Shemeji, hiyo ya marehemu itakuvunja mifupa," alimwambia mama. "Tumia yangu. Ni nyepesi kama mwiko."

"Sasa mwiko umekupiga mpaka ukashika bega?"

Mkufunzi wa shabaha, aliyekuwa karibu, alicheka. Alitueleza kwamba risasi ni zilezile na zinazisukuma bunduki zote mbili kwa nguvu moja. Ila ile nyepesi hurudi kwa kasi na kupiga teke, ilhali nzito hurudi polepole na kusukuma tu. Shida ya nzito ni kuchosha mikono.

Mama alisikiliza kama mtu anayepewa habari za jikoni kwake. Miaka yote alisaga nafaka ya wimbi kwenye jiwe la kusagia la nyanya yangu. Jiwe dogo hukimbia ukilisukuma, kubwa hutulia. Lakini nimekulia katika ukoo ambamo mwanamke huonewa huruma kwanza, kisha hupokonywa, na siku hiyo niliichoka huruma yao yote.

Aliinua bunduki ya baba, akakaza kitako begani, akafyatua. Mwili wake ulisogea kidogo tu, kama wa mtu aliyeguswa na jirani kanisani. Akafyatua tena. Na tena. Uzito ulimchosha mikono, lakini hakuishusha bunduki mpaka alipoambiwa. Katikati ya kadibodi ya shabaha palikuwa pametoboka.

Ofisini, karatasi ya leseni ilipogongwa muhuri, baba mdogo alishauri bunduki ikae kwake, maana mama sasa hana mume.

"Itakaa kwangu," mama alisema. "Na Jumapili nakuja kumchukua ng'ombe wangu."

Baba mdogo aliibeba bunduki yake nyembamba kwa mkono wa kushoto, akatoka. Mama akainuka, akaufunga mlango nyuma ya shemeji yake.