Kalamu Niliyoambiwa Niiweke Chini

Siku ya kwanza kazini niliripoti Msimbu, Kisarawe, nikiwa katibu wa baraza la usuluhishi wa ndoa, mahali wanandoa wanapopita kabla ya kufika mahakamani. Nilikuwa na daftari jipya, kalamu tatu na kiburi cha kutosha.

Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya chini, alinitazama akacheka. "Mwanangu, kalamu weka chini kwanza. Mtu akiona hasira yake imeandikwa, ataitetea."

Niliona ni mambo ya kizamani. Wiki ya tatu wakaja Shabani na mkewe Zuhura, wakulima wa mihogo, wana mtoto wa kiume na wa kike. Zuhura alikwenda kwao kumuuguza mama yake bila kuaga. Mbele ya shemeji zake Shabani akafoka, "Huyu simtaki tena!" Mwenyekiti akamwacha apoe. Mimi nikaandika, tena nikasoma kwa sauti ili athibitishe. Ujinga ulioje! Angerudi vipi nyuma wakati shemeji wanamtazama?

"Ndiyo," akasema. "Nilivyosema ndivyo."

Akatoa talaka. Eda ikaisha, hakumrejea. Nilijuta mpaka chakula kikanishinda.

Ikabaki habari ya watoto. Shabani alitaka wagawane, wa kiume kwake, wa kike kwa mama. "Wasitenganishwe, mama, hilo tu," Zuhura alimwomba Mwenyekiti. Mwenyekiti angeweza kutoa hati ya kushindwa kusuluhisha, wakahangaike mahakamani, naye akapumzike. Hakutoa. "Ndoa imekwisha, ulezi haujaisha," akasema. Akawaita wawili tu, bila ndugu, akawakalisha benchi moja. Vikao viwili havikuzaa kitu. Cha tatu akauliza taratibu:

"Shabani, binti yako akijikwaa, anamwita nani?"

Shabani akafikiri. "Kaka yake." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akainamisha kichwa.

Wakakubaliana: wakati wa shule watoto wote kwa mama, likizo wote kwa baba. Ndipo Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, sasa chukua kalamu."

Baadaye nilihamishiwa Kibaha, upande wa Ruvu, chini ya afisa ustawi wa jamii aliyependa fomu kuliko watu. Alinisema sana kwa kuchelewa kujaza, nami nikazidi kuchelewa. Wakubwa nimewaona wengi, wengine wana vyeti ukuta mzima. Aliyemfikia yule mama sijamwona. Ninyi vijana mnaorekodi kila neno kwa simu, zifunikeni kwanza.

Nimestaafu. Juzi nilialikwa Msimbu, harusi ya yule binti. Kaka yake ndiye aliyesimamia wageni, na wazazi wao wakawapokea watu pamoja, wanataniana. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Shabani akaja kuketi karibu nami.

"Katibu," akasema polepole, "siku ile nilikuwa namtaka. Ungechelewa kidogo tu kusoma."

Nikamwomba radhi, miaka yote hiyo imepita. Akanisogezea sahani ya pilau.

"Kula, Katibu. Watoto walikua pamoja."