Watu wa Niko Njiani

Nilipohamia Firq, nje kidogo ya Nizwa huku Omani, nilijikuta kwenye jengo la Wailokano watupu, watu wa kaskazini mwa Ufilipino, wengi wao wauguzi. Nilijiona mstaarabu kuliko wao. Wiki ya kwanza nikamwambia jirani wa mlango wa pili, "Karibu chakula Ijumaa," kama tunavyosema sote, ili mtu afurahi kisha aende zake. Ijumaa saa saba akagonga, sinia la tambi mkononi. Ndani nilikuwa na mkate wa juzi. Nilimcheka mwezi mzima, na ndugu zangu wakanisaidia kumcheka.

Sisi tuliotoka Unguja kwa kuahidi hatujambo. Tunatanguliza inshaallah, neno zito la watu, halafu tunajilaza.

Alhamisi moja jirani akapigiwa simu kwamba mama yake huko Ufilipino yu mahututi. Akamwahidi kufika Jumamosi, akakata tiketi ya ndege ya Ijumaa saa tatu usiku. Kaka yangu wa Izki alikuwa kwangu akinywa kahawa.

"Usihangaike," akamwambia. "Mie ntakupeleka Maskati. Baada ya Alasiri niko hapa, inshaallah. Khalas."

Ijumaa alasiri akakaa ngazini na begi lake. Wenzake walitaka kumwitia teksi, akakataa. Alinieleza kwa Kiarabu chake cha wodini kwamba kwao mtu akishatoa neno, kumtafuta mwingine ni kumwita mwongo.

Nikampigia kaka mara tatu. Kila mara, "Niko njiani." Mara ya pili nilisikia vikombe na watoto wakicheka, nikajua yuko sebuleni kwake. Gari langu lilikuwa chini, funguo mkobani, leseni ninayo miaka. Lakini nilikuwa na wageni wa Ibra, tunaisengenya harusi ya watu, na kuwaacha ningeonekana sina adabu. Adabu gani hiyo? Naona haya hata kuiandika.

Kaka alifika baada ya Magharibi, ananukia udi. "Wakati si upo bado?" akauliza. Njiani, mwendo wa karibu saa mbili, akasimama kununua chai. Uwanjani walikuta abiria wa mwisho ameshapita.

Nafasi nyingine ilikuwa Jumatatu. Jumapili alfajiri mama yake akafariki. Kaka akasema ni kudra ya Mungu. Bila shaka. Uvivu wetu wote tunamtwisha Mungu, na bado tunajiita watu wa dini.

Jioni ile nilikwenda kumpa pole. Alinifungulia mlango, macho yamevimba, akanikaribisha ndani kwa heshima nisiyoistahiki. Nikamwambia kesho nitampeleka uwanjani mimi mwenyewe, inshaallah.

Alinitazama bila hasira.

"Dada," akasema, "ukija, njoo tu. Usiniambie."